Nyumba na Matumizi Yake: Motokaa Kuukuu kwa Nyingine, na Nyongeza Juu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mwezi huu twataka kusema juu ya biashara moja iliyoingia katika nyumba nyingi za Waislamu, nayo ni biashara ya kumpa mwenye yadi motokaa yako kuukuu, ukaongeza fedha juu yake, ukatoka na nyingine iliyo bora. Apitaye penye yadi za magari katika miji ya Mombasa na Nairobi huona mabango yawaitayo watu walete magari yao ya zamani wabadilishiwe siku ile ile. Maneno hayo ni matamu, na biashara yenyewe si haramu. Lakini asiyejua undani wake aweza kupoteza katika asubuhi moja akiba aliyoiweka kwa miaka mitatu. Na akiba hiyo aghalabu si ya baba peke yake. Ndani yake mna karo ya watoto, mna dawa ya bibi, na huenda mna fedha ya Haji iliyokuwa ikitiwa kidogo kidogo. Kwa hiyo yatupasa tuitazame kwa macho mawili.

Tuanze na hukumu ya dini. Kubadilishana kitu kwa kitu ni katika biashara za kale kabisa. Wanavyuoni wametubainishia kwamba viko vitu vinavyoingiwa na riba, kama dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, na vilivyo mfano wake. Hivyo ukivibadilisha jinsi kwa jinsi, havina budi viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Na viko vitu visivyoingia humo, kama wanyama na nguo. Katika madhehebu ya Imam Shafi yafaa kutoa ngamia mmoja kwa ngamia wawili. Motokaa, ambayo leo ndiyo kipando chetu, yafuata hukumu hiyo. Basi kutoa motokaa pamoja na shilingi kadha wa kadha, ukapata motokaa nyingine, yafaa, maadamu kila kitu kimejulikana: gari lipi latolewa, lipi lachukuliwa, na nyongeza ni kiasi gani.

Lakini akina mama wausomao ukurasa huu wasidhani kwamba ruhusa hiyo yafika mpaka dukani kwa sonara. Kupeleka bangili kuukuu za dhahabu, ukachukua bangili mpya za dhahabu, ukalipa tofauti kwa fedha, hayo hayafai. Njia ya halali ni kuuza zile za zamani, ukapokea fedha yako mkononi, ndipo ukanunua mpya kwa mapatano mengine.

Na njia hii ya kutenganisha ni mafundisho ya Mtume mwenyewe (s.a.w.). Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Bilal (r.a.) alimletea tende nzuri za aina ya barni. Alipoulizwa amezipata wapi, alieleza kwamba alikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili za hizo kwa pishi moja ya nzuri. Mtume akamkataza, akambainishia kwamba hiyo ndiyo riba, akamwelekeza auze kwanza zile duni peke yake, kisha kwa thamani yake anunue azitakazo.

Motokaa si tende, wala katazo la tende haliifikii motokaa. Lakini hekima iliyomo katika mafundisho hayo yatufaa sana. Kitu duni kikiuzwa peke yake, bei yake hujulikana. Kitu kizuri kikinunuliwa peke yake, bei yake hujulikana. Vikichanganywa, ni vigumu kujua nani amepunjwa. Na hilo ndilo neno letu la mwezi huu: kubadilisha motokaa kwa nyongeza ni mauzo mawili yaliyovishwa kanzu moja. Ivue kanzu hiyo, uyatazame kila moja mbali na mwenziwe, ndipo utakapoijua bei uliyopewa.

Tuseme kwamba baba mmoja ana motokaa ya miaka mingi, na ataka nyingine iliyo bora. Yadi ya kwanza yamwambia: gari lako twalichukua kwa shilingi 900,000, na hili letu ni shilingi 2,100,000, basi ongeza 1,200,000. Yadi ya pili, yenye gari la aina ile ile, la mwaka ule ule na hali ile ile, yamwambia: lako twalichukua kwa 750,000, na letu ni 1,850,000, basi ongeza 1,100,000. Watu wengi watakimbilia yadi ya kwanza, kwani imelithamini gari lao kwa 900,000, na moyo wa binadamu hupenda kusifiwa kilicho chake. Lakini ukiuliza katika yadi ile ya kwanza, mtu asiye na gari la kutoa, mwenye fedha taslimu, huuziwa gari lile kwa kiasi gani? Jibu ni 1,900,000. Basi 200,000 zimepandishwa juu ya bei ili apate kurudishiwa mwenyewe kama zawadi. Ziondoe hizo, utaona kwamba gari lake halikupewa 900,000 bali 700,000. Yadi ya pili, ambayo bei yake kwa mwenye fedha taslimu ni ile ile 1,850,000, imempa 750,000 za kweli. Aliyeahidi zaidi ndiye aliyetoa pungufu.

Kanuni yatoka hapo, na hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Chukua bei ya taslimu ya gari utakalo, toa nyongeza uliyotakiwa kulipa. Kinachobaki ndicho ulichopewa kwa gari lako, hata bango likisema nini.

Hila hii haikuzaliwa jana, wala haikuzaliwa kwetu. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, baadhi ya wauzaji wa motokaa mpya walikuwa wakipandisha bei ili wapate nafasi ya kujionyesha wakarimu kwa gari kuukuu la mteja. Malalamiko yalizidi hata Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma akasimamia sheria iliyopitishwa mwaka 1958, nayo ilimlazimu mwenye kiwanda abandike kiooni mwa kila motokaa mpya karatasi yenye kuonyesha bei aliyoipendekeza, na bei ya vifaa vilivyoongezwa. Karatasi hiyo hubandikwa hata leo, na Wamarekani huiita kwa jina la seneta huyo. Katika yadi zetu, ambazo nyingi huuza magari yaliyokwisha kutumiwa huko Japani, hapana karatasi ya namna hiyo. Basi kila nyumba haina budi ijiandikie yake kabla ya kutoka.

Karatasi hiyo iwe na mistari mitatu. Mstari wa kwanza ni bei ya taslimu ya gari mnalolitaka. Ulizeni bei hiyo kabla ya kutaja gari lenu. Wala huku si kumdanganya mtu. Mkiulizwa kama mna gari la kubadilisha, semeni kweli, kwamba huenda mkabadilisha, lakini mwataka kwanza mjue bei ya mwenye fedha mkononi. Mfanyabiashara mwaminifu hatachukia swali hilo.

Mstari wa pili ni bei ya gari lenu sokoni. Tazameni matangazo ya magari ya aina hiyo hiyo, mwaka huo huo, yaliyokwenda kilomita zinazokaribiana, mkikumbuka kwamba bei inayotangazwa siyo inayolipwa. Kisha, kama thamani ni kubwa, mlipeni mthamini wa magari alikague. Wako wathamini wanaoaminiwa na kampuni za bima, na chama cha wenye motokaa cha Kenya, AA, nacho hufanya kazi hiyo. Tena tembeleeni yadi mbili au tatu, na kila moja iwaandikie bei yake.

Msiyumbishwe na herufi za namba ya gari. Namba huonyesha wakati gari lilipoandikishwa hapa Kenya, wala haionyeshi mwaka lilipoundwa. Na kwa kanuni za Kenya motokaa iliyokwisha kutumiwa haiingizwi nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza. Kwa hiyo kila mwaka ukigeuka huingia magari ya mwaka wa mbele zaidi, na yaliyoko hushuka daraja. Anayekusudia kubadilisha na ajue kwamba kukawia nako kuna gharama yake.

Mstari wa tatu ni nyongeza, yaani tofauti ya hizo mbili. Mkifika yadini, tazameni huo.

Hapa twapenda kuwatendea haki wenye yadi. Mwenye yadi hawezi kukupa bei yote ya soko. Atalitengeneza gari lako, atanunua magurudumu, atapiga rangi penye mikwaruzo, ataliweka miezi huku mtaji wake umelala, na likitokea na ila iliyofichikana, hasara ni yake. Faida aipatayo juu ya taabu hiyo ni halali. Wewe nawe umepumzishwa taabu ya kuuza: ya kupokea wageni usiowajua, ya kuwapa gari walijaribu, na ya kuogopa hundi zisizo na fedha na jumbe za uongo za M-Pesa. Basi swali si kwamba amekupa pungufu ya soko, bali ni pungufu kiasi gani, na je, raha uliyoinunua yastahili kiasi hicho?

Turudi kwa baba yule. Lau angeuza mwenyewe kwa 820,000, akatumia 30,000 kwa matangazo, usafi na safari, zingembakia 790,000. Yadi ya pili imempa 750,000. Tofauti ni 40,000. Mwenye nafasi na mwenye jamaa wa kumsaidia ataona afadhali auze mwenyewe. Mwenye kazi za kutwa, au mama mjane asiyependa wageni mlangoni pake, huenda akaona 40,000 si ghali kwa utulivu wake. Wote wawili wana haki, maadamu wamejua wanacholipa. Hasara ya kweli ni ya yule aliyelipa bila ya kujua.

Sasa tuonye juu ya deni. Mtu aweza kuwa na motokaa yenye thamani ya 700,000, ilhali benki yamdai 850,000 juu yake. Mwuzaji amwambia: usijali, sisi tutalimaliza deni lako. Lakini zile 150,000 hazikutoweka. Zimeshonewa ndani ya bei ya gari la pili, na kama gari hilo nalo lachukuliwa kwa mkopo wa riba, basi amebeba riba juu ya deni la gari ambalo halimo tena mikononi mwake. Tena atavutwa kwa hesabu ya mwezi: ni shilingi kadha tu kwa mwezi. Asikubali kuhesabiwa kwa mwezi. Azidishe malipo ya kila mwezi kwa idadi ya miezi, aone jumla. Dini yetu imeikataza riba kwa katazo zito, na tangu mwaka 2008 zimekuwako Kenya benki zinazoendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, hata Mwislamu hana tena udhuru wa kusema hakupata mlango mwingine. Na mlango ulio mwepesi kuliko yote ni kungoja mpaka fedha itimie.

Jambo la pili la kuonya ni hati. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni, lakini Waislamu wangapi huacha funguo na logibuku yadini kwa kupeana mikono tu! Yatokea mwenye yadi asihamishe umiliki, akangoja mpaka apate mnunuzi. Miezi hiyo gari lazunguka barabarani kwa jina lako. Likigonga mtu, likikamatwa na kosa, utakayeulizwa kwanza ni wewe. Kwa hiyo andikianeni mapatano yenye tarehe na saa ya kukabidhiana, bei ya kila gari mbali mbali, na nyongeza. Wala msiondoke mpaka maombi ya kuhamisha umiliki yamepelekwa kwa NTSA. Na lile mnalolichukua, tafuteni habari zake huko huko NTSA, mjue mwenyewe ni nani. Tena pana daftari la dhamana lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2017 juu ya mali inayohamishika. Humo mtaona kama gari limewekwa rehani. Mleteni fundi wenu alitazame, si fundi wa yadi. Arubuni isitolewe kabla ya hayo, kwani mtu akishatoa arubuni moyo wake umefungwa, hata akiona ila huificha mwenyewe. Na mkiambiwa kwamba bei ni ya leo tu, kumbukeni kwamba haraka haraka haina baraka.

La tatu ni la ndani ya nyumba. Mara nyingi motokaa ile kuukuu ilinunuliwa kwa fedha ya mume na ya mke pamoja, na huenda mke aliuza dhahabu yake. Ikibadilishwa, ya pili huandikwa jina la mume peke yake, na sehemu ya mke yazama kimya kimya. Mali ya mke katika Uislamu ni ya mke. Haiwi ya mume ila kwa ridhaa yake. Basi kabla ya kwenda yadini ashauriwe, na sehemu yake iandikwe. Hayo hayapunguzi mapenzi, bali huyalinda, na huwaepusha watoto na ugomvi wa mirathi.

Yabaki wajibu wetu sisi tunaotoa gari kuukuu. Wako watu wanaomlaumu mwenye yadi kwa hila zake, na wao wenyewe usiku wa jana wamemlipa fundi arudishe nyuma mita ya kilomita, au wametia mafuta mazito ili injini inyamaze kwa saa mbili. Huo ni udanganyifu, hata ukifanyiwa mfanyabiashara tajiri, hata akiwa si Mwislamu. Ila ya gari ukiijua, iseme. Utapunguziwa shilingi, lakini utatoka na baraka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha ila, mauzo yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Na kwa ndugu zetu wenye yadi tuna kisa cha sahaba Jarir bin Abdillah (r.a.). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, akamwambia mwenyewe kwamba thamani yake ni zaidi ya hiyo, akampandishia mia kwa mia mpaka akamlipa dirhamu 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Hatuwaambii wenye yadi wapandishe bei kama Jarir, ingawa atakayefanya hivyo ujira wake u kwa Mola wake. Twawaomba la chini ya hilo, kwamba akija mama asiyejua thamani ya gari aliloachiwa na marehemu mumewe, asipewe nusu ya haki yake kwa sababu tu hakujua kuuliza.

Mwisho twasema na vijana. Kabla ya kuuliza motokaa yangu itabadilishwa kwa ngapi, uliza je, imekwisha kweli? Ikiwa fundi mwaminifu asema shilingi 120,000 zitaitengeneza itembee miaka mitatu zaidi, kisha wewe waenda kuongeza 1,100,000 kwa sababu rafiki yako ana mpya, basi hesabu yenyewe imekwisha kukujibu. Gari kubwa lina bima kubwa na tumbo kubwa la petroli, na hayo hayaandikwi kwenye bango. Lakini kama gari limechoka, na familia imekua, na fedha ya halali ipo, basi badilisha kwa furaha, ukiwa na karatasi yako ya mistari mitatu mfukoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atutosheleze kwa halali yake, na atujaalie tuwe wakweli tununuapo na tuuzapo. Wabillahi tawfiq.